Gari la Umeme na Milima ya Murukulazo

Ndugu msomaji, huenda nawe umekwisha kulipata swali lililotupata sisi. Gari la familia limekufa. Sisemi kwamba limeharibika. Limekufa kama mzee anavyokufa, baada ya kuugua mara nyingi na kupona mara nyingi. Lilikuwa gari la dizeli lenye bodi la nyuma, alilolinunua marehemu baba kwa mafao yake, na kwa miaka kumi na minane lilivuta tela kati ya Mwanza na kwetu Murukulazo, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Likienda lilibeba saruji, mabati na madaftari ya watoto. Likirudi lilibeba ndizi, maharage na kahawa. Mara mbili lilimpeleka mama hospitalini usiku. Mara moja lilimleta baba nyumbani kuzikwa.

Tumezaliwa watano. Tulikubaliana kuchanga tununue gari jingine, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mdogo wetu wa kike, ambaye ni mfanyakazi huko Dar es Salaam, alisema wakati wa dizeli umekwisha. Tununue gari la umeme, la kifamilia, lenye nguvu katika magurudumu yote manne, lifae kwa tela na lifae kwa mwendo wa kila siku. Kaka yetu mkubwa, ambaye amebaki kijijini na mama, aliposikia habari hiyo kwa simu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Na hilo gari, likiishiwa katikati ya pori la Biharamulo, tutalimwagia nini?" Kwa kuwa mimi naishi Mwanza, na kwa kuzaliwa ni wa katikati, waliniteua niwe mwamuzi.

Nami nilifanya hivi. Mwezi Desemba 2025 nilimwomba shemeji yangu gari lake la dizeli, nikafunga tela letu la zamani, nikapakia mifuko kumi na minne ya saruji, nikaenda Murukulazo nikiwa na daftari. Nilisafiri kwa dizeli lakini nilihesabu kwa umeme. Kila tulipofika niliandika mambo matatu: tumekwenda kilomita ngapi, tumepanda kiasi gani, na ni nani hapa ambaye naweza kumwomba soketi kwa saa nane. Ninakuomba, ndugu msomaji, tufuatane katika njia hiyo.

Ukitoka Mwanza alfajiri hufiki mbali kabla ya kukutana na jambo la kufurahisha. Zamani pale Kigongo ulipanga foleni ukisubiri kivuko cha kwenda Busisi, na kama siku yako ilikuwa mbaya, watoto wangemaliza maandazi yote ya safari kabla hujaingia majini. Tangu Juni 2025 pana Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, nawe unavuka ziwa ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Shemeji alisema anakosa samaki wa kukaanga wa pale kivukoni. Mimi sikukosa kitu.

Baada ya hapo ni Sengerema, kisha Geita, mji wa dhahabu, ambako umeme si tatizo kabisa. Barabara ni ya lami na miinuko si mikali. Niliandika katika daftari: "Geita, nyumba za wageni nyingi, umeme upo, ulinzi upo." Kisha Katoro na Buseresere, ambako watu na biashara vimejaa hadi ukingoni mwa barabara, na dereva mwenye tela hapana budi awe na macho manne. Kisha Bwanga, na kutoka Bwanga hadi Biharamulo kilomita 67.

Hapa ni lazima nikueleze hesabu yenyewe, maana bila hesabu hii mazungumzo yote ya gari la umeme ni porojo. Chukua gari la namna tunayoizungumza, lenye betri ya uniti 77, yaani uniti zile zile unazonunua kwa LUKU. Likienda peke yake kwa mwendo wa kiasi litakula uniti 18 hadi 20 kwa kila kilomita 100. Kwa hiyo lingeweza kwenda kilomita 350 na zaidi. Lakini lifungie tela lenye tani moja, na hasa tela refu lenye turubai linalopigwa na upepo, ulaji huo unakaribia mara mbili. Sasa kilomita 350 zimekuwa 190. Ukiacha akiba kidogo ili usifike na roho mkononi, zimebaki 160. Kutoka Mwanza hadi mji wa Ngara ni kiasi cha kilomita 400. Kwa maneno mengine, ni lazima usimame mara mbili na ujaze, na kwa umeme wa kawaida wa nyumbani kujaza si kazi ya dakika kumi.

Soketi ya kawaida ukutani, ukiitumia kwa uangalifu isiungue, inatoa kama uniti mbili na robo kwa saa. Ukilala saa kumi umepata uniti 23. Ukiwa na waya mnene na kikata umeme cha ampea 32, unapata uniti saba na ushee kwa saa, na betri yote inajaa usiku mmoja. Zipo mashine kubwa za kuchaji kwa nusu saa, lakini mimi katika njia nzima kutoka Mwanza hadi Ngara sikuona hata moja. Kwa hiyo safari yetu ya siku moja ingekuwa safari ya siku mbili au tatu, pamoja na kulala Geita na kulala Biharamulo. Kwa mtu aliye peke yake si neno. Kwa mtu mwenye watoto watatu na likizo ya wiki moja, ni neno kubwa.

Biharamulo ni mji mtulivu, na boma la Wajerumani bado linasimama pale kama mgeni aliyesahau kuaga. Tulisimama kula, nami nikamfuata mama mmoja mwenye nyumba ya wageni nikamwomba anieleze kama naweza siku moja kuchaji kwake.

"Simu?" akauliza.

"La, mama. Gari."

Alinitazama, akalitazama gari la shemeji lililokuwa likivuja mafuta uani, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha, kama mfanyabiashara yeyote mwenye akili, akaacha kucheka na kuuliza: "Linakula uniti ngapi?"

"Kama sitini."

"Basi LUKU utanunua mwenyewe. Na wageni wangu wakikosa maji ya moto, utawaeleza wewe, si mimi."

Niliandika: "Biharamulo, inawezekana, kwa masharti."

Kutoka Biharamulo unashuka kusini hadi Lusahunga, na hapo unaingia katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Kilomita 92 kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita za malori. Yanakuja moja nyuma ya jingine, yamebeba mafuta, saruji, ngano na makontena, na kwa miaka mingi yaliichimba lami ile hadi ikawa makorongo. Pande zote mbili ni pori. Watu wazima wa huku wanakumbuka miaka ambayo hakuna gari lililopita hapa peke yake. Mlisubiriana, mkaenda kwa msafara mkisindikizwa na polisi wenye silaha, kwa ajili ya majambazi. Nilipokuwa kijana nilipita hivyo, nimekaa juu ya magunia, na sitasahau jinsi abiria wote walivyonyamaza mpaka tulipoziona taa za Benaco.

Benaco nayo ina habari yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, zaidi ya watu 200,000 walivuka Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na vilima hivi vikageuka kuwa mji mkubwa wa maturubai ya plastiki. Walitembea kwa miguu. Mizigo yao ilikuwa vichwani, migongoni, na juu ya baiskeli zinazosukumwa. Mama yangu husema kwamba tangu siku zile hajawahi kulalamika kuhusu mzigo wowote, na sisi watoto wake tukilalamika mbele yake tunajua tutajibiwa nini.

Karibu na hapo njia huachana. Moja inaendelea Rusumo, ambako mto Ruvubu umejiunga na Kagera, na daraja linaingia Rwanda. Ni mahali pa ajabu kidogo kwa dereva: upande huu wa mto unaendesha kushoto, upande wa pili unaendesha kulia, na usukani wako ambao ulikuwa sahihi umekuwa wa kigeni. Lakini lililonivutia safari hii ni maporomoko. Pale Rusumo pamejengwa mtambo wa maji wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Kwa miaka mingi umeme wa Ngara ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Gari la umeme lingeletwa hapa wakati ule, lingekuwa gari la dizeli lililojificha. Siku hizi maji ya mto wetu wenyewe yanazungusha mashine, na hilo, nakiri, lilianza kuulainisha moyo wangu upande wa mdogo wangu wa Dar es Salaam.

Majirani nao hawakulala. Mjini Kigali, pikipiki mpya za kubeba abiria hazisajiliwi tena kama si za umeme, tangu Januari 2025. Ethiopia mwaka 2024 ilikataza kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli. Hapa kwetu, Arusha, kampuni ya utalii ilianza mwaka 2018 kutembeza wageni mbugani kwa magari ya zamani ya foo-wili yaliyotolewa injini na kuwekewa mota na betri. Na wale wanaosema kwamba umeme ni wa nchi tambarare waitazame Norwe, nchi ya milima na barafu, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na watu wanafunga matela nyuma yake na kwenda likizo. Ni kweli kwamba Norwe wana mashine za kuchaji kila baada ya milima miwili. Lakini milima ni milima.

Njia ya pili, yetu sisi, inapanda kwenda Ngara na kuendelea Kabanga hadi mpaka wa Kobero. Hapa shemeji alibadili gia, injini ikaanza kuimba wimbo wake wa huzuni, na kipimo cha joto kikapanda. Vilima vya Ngara hufikia mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati maji ya Ziwa Viktoria yako kwenye 1,134. Kwa hiyo kila anayetoka Mwanza anadaiwa na mlima kabla hajafika nyumbani.

Gari la umeme linalipaje deni hilo? Kwa ulaini kuliko la dizeli. Mota haina haja ya kukusanya mzunguko ndipo ipate nguvu. Nguvu yake yote ipo tangu gurudumu limesimama. Gari lenye mota mbili, moja mbele na moja nyuma, linagawa nguvu kati ya magurudumu kwa muda mfupi kuliko dereva anavyoweza kukunja uso, na katika udongo mwekundu uliolowa hilo ni jambo la maana sana. Chukua gari, abiria na tela, jumla kilo 3,500. Kuvipandisha mita 500 kunahitaji kama uniti tano na ushee. Ukishuka tena, mota hugeuka kuwa jenereta, inashika gari lisikimbie, na huenda ikakurudishia uniti tatu. Dizeli haijawahi kumrudishia mtu hata kijiko kimoja. Lakini sikiliza na hili, maana wauzaji hawalisemi: betri iliyojaa pomoni haina mahali pa kuweka umeme huo. Anayeishi juu ya mlima, kama sisi, asijaze gari lake hadi juu kabisa kabla ya kuteremka na tela; aache nafasi, ama sivyo atategemea breki za kawaida peke yake.

Ukiiacha lami, ni barabara ya udongo hadi Murukulazo. Migomba inakaribia kuliona gari ndani. Watoto wanakimbia nyuma ya tela. Baiskeli zinashuka zikiwa na mikungu sita, saba, kijana anaegemea nyuma kama breki. Kulikuwa kumenyesha. Mahali pawili shemeji alishuka kutazama kabla ya kupita, na mahali pamoja jiwe liligonga chini ya gari kwa sauti iliyonifanya niandike katika daftari kwa herufi kubwa: "BETRI IKO CHINI." Magari mengi ya umeme ya namna hii yameinuka kati ya milimita 160 na 200 kutoka ardhini, na betri, ambayo ndiyo mali yenyewe, imetandazwa chini ya sakafu yote. Ina ganda gumu, ni kweli. Lakini jiwe la Murukulazo nalo ni gumu. Tena mengi ya magari hayo hayana tairi la akiba, ila chupa ya dawa ya kuziba tundu. Dawa hiyo ikutane na msumari wa lori kule porini, kisha uniambie.

Usiku ule tulikaa uani, mama, kaka, shemeji na mimi, nami nikawasomea majina. Toyota bZ4X, alilolitaka kaka kwa sababu ya jina lililo usoni, lilipotoka mwaka 2022 liliruhusiwa kukokota kilo 750 tu. Nissan Ariya lenye nguvu mbele na nyuma, kilo 1,500. Hyundai Ioniq 5 na Tesla Model Y, kilo 1,600 kila moja. Kia EV9, ambalo ni kubwa kama nyumba ya mtu wa kawaida, kilo 2,500, na BMW iX vivyo hivyo, lakini hayo mawili tuliyataja kwa heshima tu kisha tukayapita, kwa kuwa michango ya ndugu watano ina mipaka.

"Tela letu na saruji yake ni kilo ngapi?" akauliza shemeji.

Tukahesabu. Saruji kilo 700, tela lenyewe kama 250.

"Basi Ariya linatosha, na linabaki."

Linatosha kwa tela lenye breki zake lenyewe, nikamweleza. Hiyo kilo 1,500 au 1,600 ni ya tela lenye breki. Tela lisilo na breki, ukomo wake kwa kawaida ni kilo 750. Na matela yetu, haya yanayochomelewa mitaani kwa ekseli ya gari lililokufa, ni nani aliyewahi kuyaona na breki? Kwa miaka kumi na minane tulikuwa tunateremka milima ya Ngara na karibu tani moja nyuma yetu, ikishikwa na breki za gari peke yake. Kaka alilitazama tela gizani kana kwamba ni nyoka aliyekuwa amelala ndani ya nyumba muda wote.

Niliongeza kwamba gari lililotumika Japani lina usukani upande wetu, na hilo ni jema, lakini soketi yake ya kuchaji kwa haraka mara nyingi si sawa na ya magari yaliyouzwa Ulaya, na kitabu chake huenda kisitaje kukokota kabisa. Ni lazima mnunuzi aulize hilo kabla ya kutuma fedha. Mama aliuliza kama nalo litakuwa linasalimia kwa Kijapani kila likiwashwa, kama gari la mwalimu mkuu. Nikamwambia litasalimia.

Hapo ndipo kaka aliposema neno ambalo sikuwa nimeliandika katika daftari.

"Wewe umepima barabara," alisema. "Hujapima gari litalala wapi. Likilala kwako Mwanza, mama akiugua hapa, litamfaa nini?"

Wakimya wote. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaeleza mwenyewe jambo ambalo sisi wa mjini hatukuwa tumeambiwa. Usiku wa pili mama alipougua, gari lilikuwa hapa hapa uani, zima, lakini halikuwa na dizeli. Alizunguka na dumu kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka alipomwamsha mwenye mashine ya kusaga akampa lita nne. Saa nzima ilipita. Ndipo wakaondoka kwenda Murgwanza. "Kama lingekuwa la umeme," alisema polepole, "lingekuwa na chakula chake cha jana."

Kesho yake tulihesabu upya, safari hii tukianzia Murukulazo. Kaka huenda Ngara mjini, huenda gulioni, hupeleka ndizi barabarani ambako lori la mnunuzi husimama. Kwa siku ya kazi nyingi ni kilomita 60 na nusu yake ana tela. Hiyo ni uniti 18, kiasi ambacho hata soketi ya kawaida inakirudisha usiku mmoja. Gharama yake haifiki shilingi 8,000. Kwa bei za mwaka 2025, tukiweka petroli shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, fedha hiyo haikununulii lita tatu. Gari lile ambalo katika njia ya Mwanza lilikuwa mzigo, hapa kijijini lilikuwa kama limetengenezwa kwa ajili ya kazi hii: safari fupi, milima mingi, kulala nyumbani kila usiku. Na umeme ukikatika, mengine, kama lile la Hyundai, yanaweza kutoa umeme kutoka kwenye betri yake na kuwasha taa za nyumba. Mama aliuliza kama litaweza na friji. Litaweza.

Saruji ya Mwanza itakuja kwa lori la mizigo kama saruji ya watu wengine. Na mimi, ambaye kwa miezi miwili nilikuwa nikijiona ndani ya gari jipya nikiwapeleka watoto shule kila asubuhi kule Mwanza, nitakuja kumwona mama kwa basi. Sikusema kitu. Mke wangu nilimwambia baadaye, kwa simu, nikiwa nimesimama mbali kidogo kwenye migomba.

Mpwa wetu, ambaye ni fundi umeme, alikuja kutazama nyaya. Alisema za soketi za mama ni nyembamba mno, zisiguswe kwa kazi hiyo. Lazima uje waya wake peke yake, wa milimita za mraba sita, wenye kikata umeme chake na nondo ya shaba ya kuzamishwa ardhini. Tena akatukumbusha jambo la busara: mama yuko katika daraja la watumiaji wadogo wa TANESCO, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambao bei yao ni nafuu. Gari likifungwa kwenye mita yake, bei hiyo nafuu itapotea. Gari liombewe mita yake. Nikaandika, na ukurasa ukaisha.

Kuhusu fundi wa gari lenyewe, wa kulifungua na kulifunga, hatukupata jibu la kuturidhisha, wala sitaki kukudanganya kwamba lipo. Mdogo wangu wa Dar es Salaam amepewa kazi ya kumtafuta kabla senti moja haijatoka, na akimkosa, kaka atapata dizeli yake. Tulikubaliana hivyo, na mama akawa shahidi.

Tulirudi Mwanza bila tela. Gari la shemeji lilipanda na kushuka kama mtoto aliyetuliwa mzigo. Wiki iliyofuata nilipiga simu Murukulazo kuuliza habari za nyumbani, kaka akaniambia waya umekwisha kupitishwa ukutani, na kwamba tela amelipeleka kwa fundi wa kuchomelea mjini Ngara ili lifungwe breki. Fundi amekubali, lakini anauliza gari la kulivuta liko wapi, apime kimo cha ndoano.